Bibi Alipovaa Shela

Juzi mwanangu aliniomba nimchoree masharubu kwa ajili ya mchezo wa shuleni. Nikasaga mkaa, nikauchanganya na mafuta ya mgando kwenye kifuniko cha kopo. Harufu ile ilipopanda puani nikajikuta nimerudi kwenye ghala la pamba la Bariadi, na bibi yangu yuko mbele yangu, amevaa shela. Naomba niwasimulie nyinyi, maana sijawahi kumsimulia mtu yote.

Nilikuwa darasa la tatu, nikiishi na babu na bibi pembeni mwa mji. Babu tulimwita Guku, kama wajukuu wengi wa Kisukuma wanavyowaita babu zao. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa ng'ombe, na siku nyingine aliongea na ng'ombe zaidi kuliko alivyoongea na sisi. Bibi jina lake lilikuwa Kabula, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo. Kwa majirani, na hata kwa Guku, alikuwa Mama Masanja.

Mjini kulikuwa na kikundi cha watu waliopenda kuigiza: walimu, nesi, karani wa mahakama, na fundi redio mmoja aliyeitwa Dotto. Waliigiza kwa kupenda tu. Mwaka ule kiongozi wao, Mwalimu Nkwabi, aliamua waonyeshe mchezo wa zamani ambao watu wazima wengi waliujua tangu shuleni, mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, unaohusu binti anayekuja kuposwa. Watu waliuita tu mchezo wa harusi. Msimu wa pamba ulikuwa bado, ghala lilikuwa tupu, wakaruhusiwa kulitumia. Mimi nilichaguliwa kuwa mmoja wa watoto wanaoimba nyuma ya bibi harusi, na Bibi ndiye aliyenipeleka mazoezini. Alikaa nyuma kabisa, juu ya magunia, akimenya karanga huku midomo yake ikichezacheza. Nilidhani anatafuna.

Siku chache kabla ya onyesho, Mwalimu Rehema, aliyekuwa bibi harusi, Dotto akiwa bwana harusi, alipata uhamisho kwenda Meatu. Jioni ile watu walikaa chini kama wako msibani. Mwalimu Nkwabi alisema hakuna namna, mchezo umekufa, lakini akamwomba mpiga kinanda aupige wimbo wa bibi harusi mara moja tu, wauage. Kinanda kikaanza. Ndipo sauti ikatoka kule kwenye magunia, nyembamba mwanzoni, kisha ikafunguka, ikajaa ghala mpaka kwenye mabati. Bibi aliimba wimbo wote akiwa na karanga mkononi. Alipomaliza alitazama chini, akaendelea kumenya.

Alisema alifundishwa wimbo huo alipokuwa msichana, shuleni Lalago. Mwalimu Nkwabi alimwomba awe bibi harusi, na Bibi akajibu kwamba atakwenda kumuuliza mzee.

Guku aliendelea kula ugali na mlenda wake kwa muda mrefu. Kisha akasema yeye hawezi kwenda kuangalia mke wake akiolewa na fundi redio. Hakumkataza. Alisema tu kwamba yeye hataonekana huko. Na mimi, nisiwafiche, niliona aibu. Shuleni wenzangu waliniuliza kama bibi yangu atazaa na Dotto, nami nikaomba mvua inyeshe siku ya onyesho.

Haikunyesha. Jumamosi alasiri ghala lilijaa watu mpaka milangoni, joto likatufanya tutoe jasho na masharubu ya mkaa ya Dotto yakaanza kuteremka kuelekea kidevuni. Bibi alivaa gauni la Mwalimu Rehema, limeongezwa kitambaa kiunoni, na shela lililotengenezwa kwa chandarua. Baadhi ya watu walicheka alipotokea. Alipoanza kuimba wakanyamaza.

Katikati ya mchezo nilimwona Guku mlangoni, na fimbo yake na koti la misibani. Alisalimia ghala zima, "Mwadila," kama mtu aliyefika nyumbani kwa jirani, na watu wakaitikia, onyesho likasimama kidogo mpaka wazee wakampisha akae mbele.

Sasa ikafika sehemu ambayo baba wa binti, yaani yule karani wa mahakama, anasimama mbele yake na kuimba maneno ambayo sote tulikuwa tumeyazoea:

"Mwanangu, ng'ombe wamefika. Sijawapokea bado. Nakuuliza wewe kwanza: unamtaka mtu huyu?"

Hapo kinanda hulia kidogo na bibi harusi huimba jibu lake. Kinanda kikalia. Bibi kimya. Kikarudia. Bibi kimya. Nikajua amesahau, nikamsogelea nikamnong'oneza maneno ya kwanza ya wimbo. Aligeuka akaniwekea mkono kichwani, taratibu, kama anayesema najua. Kisha akamwambia karani, kwa sauti ya kawaida, maneno ambayo hayakuwamo kwenye mchezo.

"Niulize tena."

Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya utani. Karani akauliza tena. Bibi alisikiliza swali lote, amefumba macho, ndipo akaimba. Guku hakucheka. Alikuwa anaangalia kichwa cha fimbo yake.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, Guku mbele, sisi nyuma. Asubuhi yake Bibi alikuwa kivulini akisuka maziwa kwenye kibuyu. Guku alikuja akasimama karibu naye. Mimi nilikuwa naosha vyombo, na nadhani walinisahau.

"Kabula," alisema, na mimi nikainua kichwa kutazama anamwita nani. "Wakati ule, kuna mtu alikuuliza?"

"Hakuna. Nilitoka shule nikakuta ng'ombe wenu zizini. Mchezo ulikuwa tuuonyeshe wiki ile."

Guku akasema, "Basi nakuuliza mimi."

Bibi aliendelea kusuka kibuyu. "Ngoja nifikirie," akasema.

Guku alikuwa na ng'ombe wa kupeleka mnadani siku ile. Hakwenda. Alikaa nyumbani, akakarabati mlango wa zizi ambao haukuwa mbovu, akawa anatazama jikoni. Mimi nilicheka peke yangu, nikaona wazee wanacheza. Jioni Bibi alimtengea chakula, akakaa, akasema amefikiri, anamtaka. Guku akanawa mikono mara ya pili.

Nilidhani jibu ndilo lilikuwa jambo kubwa. Angejibu nini kingine, mama wa watoto saba, kichwa kimejaa mvi? Miaka ilipita, Bibi akawa ameshatutoka, ndipo siku moja baba yangu akaniita, akaniambia wageni wamekuja kuhusu mimi, akaniuliza ninasemaje. Kijana mwenyewe nilikuwa nampenda tangu chuoni, na jibu nilikuwa nalo mdomoni.

Nikamwambia baba anipe siku moja nifikirie. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka tu kukaa siku nzima nikiwa na swali hilo mkononi, huku watu wakiningoja.