Tanuri Langu na Fromaji ya Mama Furaha

Aibu hii ningeinyamazia, lakini kijiji chetu chote cha Nyamitaba kinaijua, sasa nimfiche nani.

Mimi ndiye mhandisi niliyechora tanuri la kuchomea taka za kituo cha afya, zile sindano, glavu na dawa zilizopitwa na muda, na siku ya kulizindua nilivaa kravati (tai shingoni, jamani, kwenye tope la Masisi) kwa sababu mbele aliketi Mama Furaha, mama wa Furaha, binti niliyetaka kumwoa; mama huyo hutengeneza fromaji, yaani jibini, hapo chini ya kilima. Nikaona kusema "linachoma sindano" ni maneno madogo mno. Mpumbavu mimi nikashika mikro nikatangaza kwamba mchoro huu niliufanya chuoni, ni wa taka za radioactif, zenye mionzi kidogo, na moshi hamtauona kamwe.

Tanuri lile lina vyumba viwili: cha chini huchoma taka, cha juu huchoma moshi wake, ila lazima ulipashe kwanza kwa kuni kavu mpaka chumba cha juu kiwe moto kabisa. Nalijua hilo, niliandika mwenyewe. Lakini wakubwa waliokuja kwenye uzinduzi walikuwa wanaangalia saa na mimi nilikuwa bado nataka makofi, nikatia taka kwenye tanuri baridi.

Moshi ukatoka mweusi, mzito, ukateremka kilima taratibu ukaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya fromaji.

"Ingénieur," Mama Furaha aliuliza, "ile moshi njo ya radioactif?"

"Hapana, Mama, ni glavu tu."

"Lakini ulisema mu mikro."

Viti vikaanguka, na mkubwa mwenye tumbo kubwa kuliko wote ndiye aliyetangulia kukimbia. Nikapiga kelele kwamba hakuna mionzi yoyote, nilikuwa najisifu tu, na mikro ilikuwa bado mkononi, kijiji kizima kikasikia.

Hata hivyo, siku ya soko hakuna aliyethubutu kugusa fromaji ya Mama Furaha. Nilipokwenda kuomba msamaha, Furaha alijificha jikoni anacheka (mchumba gani huyu), mama yake akaniwekea mezani fromaji nzima inayonuka mpira ulioungua.

"Unataka mutoto wangu? Utamupata. Lakini hii yote utakula kwanza, maana weye njo unajua haina radioactif."

Nikala zote zilizokosa mnunuzi, wiki baada ya wiki, nikiapa sitasifu tena kazi yangu kabla haijapata moto. Siku ya harusi waliponipa mikro nilisema asante, nikaketi.

Mama mkwe akawageukia wageni.

"Leo musikimbie," akasema. "Amemaliza."