Likembe Niliyoipika Motoni

Nikipita Kasongo siku hizi nashusha kofia hadi machoni, maana nikisikia kicheko najua nachekwa mimi, hata kama wanamcheka mbuzi. Sababu ni Furaha. Tulipendana tukiwa sekondari, kisha nikaanza kuzunguka, Salamabila, Wamaza, kokote pikipiki inakofika (nilidhani mwanamke hungoja kama nyumba), na niliporudi nikamkuta mjane, anacheka barazani na Seremani, mpiga likembe, lile sanduku dogo lenye ndimi za chuma unazozidonoa kwa vidole gumba. Jinsi alivyovitazama vile vidole, jamani, usingizi ulinihama.

Mdogo wake Furaha alikuwa anaolewa kesho yake, na kwao bibi harusi hatoki mlangoni bila likembe kumtangulia.

"Seremani atapiga," Furaha akasema.

"Mi nitapiga," nikadakia, "na likembe yangu."

"Uko nayo?"

"Iko." (Haikuwapo.)

Ndimi hutengenezwa kwa spoku za baiskeli, unazigonga juu ya jiwe bila moto, polepole, mpaka ziwe bapa, kazi ya siku nyingi. Mimi nilikuwa na usiku mmoja na wivu, nikazitia makaani mpaka zikawa nyekundu, nikazigonga zikawa bapa upesi kama ugali, nikaziacha zipoe majivuni, tena nikaziacha ndefu kuliko za Seremani (wivu hupima kila kitu). Nilipozifunga kwenye kisanduku na kuzigusa taratibu zilinong'ona vizuri, nikalala natabasamu.

Asubuhi bibi harusi akatokeza, vigelegele vikapanda, likembe yangu haisikiki hata kwangu, basi nikadonoa kwa nguvu, ulimi wa kwanza ukainama na haukurudi, nikakimbilia wa pili, nao ukainama, na mwisho zote zimelala na bibi harusi kasimama mguu mmoja nje, mmoja ndani.

"Weye mutu," shangazi yake akaniita, akionyesha ndimi zilizolegea kama majani ya muhogo yaliyopikwa, "iyo iko likembe ao iko sombe?"

Seremani akaichukua, akaiinua watu wote waone. "Kaka, uliitia mu moto?"

"Kidogo."

"Kidogo! Chuma chembamba ukikigonga baridi, chembe zake zinabanana, kinakuwa kigumu. Ukikipika zinanenepa, zinalegea. Umezilaza, sasa unazipigia kelele za nini?"

Watu wakashika mbavu. Akatoa likembe yake, bibi harusi akatembea, Furaha akatembea kando ya Seremani, na mimi nikatwishwa godoro la harusi, nikawafuata nyuma, nikiona migongo yao miwili tu njia nzima.

Nilipotua godoro Furaha akaniletea maji. Nikamwambia nilifanya yote kwa ajili yake.

"Hapana, kaka. Ulikuya kwa Seremani, kushindana naye. Kwangu hukukuya hata siku moja."

Sasa yeye na Seremani wameoana. Nami nimeapa, nikimpenda mwanamke tena nitakwenda kumwambia yeye mwenyewe, mikono mitupu, na spoku nitawaachia wenye baiskeli.