Mshenga wangu alipata stroke, akaamka na lafudhi ya Kizungu

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe hapa Texas na siongezi chumvi. Anayebisha abishe, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni Mtanzania, nabeba box warehouse pande za Haltom City. Nilipopata mchumba, binti wa Kikongo anayeishi na wazazi wake Gulfton, Houston, nilimwomba Kaka Sospeter awe mshenga wangu. Ni dereva wa lori, mtu wa Kigoma, na kwa maneno alikuwa anamtoa nyoka pangoni.

Miezi miwili kabla ya posa akapata stroke.

Mungu mkubwa, mkono ulirudi, mguu ukarudi. Sauti ilipokuja ndipo tukashangaa. Kiswahili ni chake kile kile, ila kinatoka kama cha Mzungu aliyejifunza juzi!

Daktari akasema hutokea kwa nadra, stroke ikigusa sehemu ya ubongo inayoongoza matamshi.

Watu wetu mnawajua. "Anajifanya Mmarekani ukubwani." Akiongea kanisani, wanaangaliana. Na mimi nilicheka, wakuu. Mwishowe akaacha kabisa kuongea nje ya nyumba yake.

Nikaona huyu ataniaibisha ukweni. Nikatafuta mshenga mwingine kimyakimya.

Ndiyo, nitukaneni tu.

Nikaenda kumdokeza mke wa Sospeter, Mama Neema. Hakupandisha hata sauti.

"Shemeji, therapist wake wa kuongea akimuuliza leo ana-practice nini, anasema maneno ya posa yako. Kila siku. Sasa nenda kamwambie mwenyewe."

Nilishindwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaachana na yule mshenga mwingine.

Jumamosi ya posa tukashika barabara, kama masaa manne hadi Houston, Sospeter ananong'ona maneno yake njia nzima.

Ukweni akasimama, jasho linamtoka. Sentensi ya kwanza tu, mjomba mmoja wa binti akacheka: "Mumetuletea muzungu?"

Sospeter akanyamaza. Nikajua tumekwisha.

Baba mkwe akamkata jicho yule mjomba, kisha akamgeukia Sospeter.

"Papa, endelea. Siye tuko tunasikia."

Akaendelea. Polepole, na lafudhi yake ile ile, hakuruka hata neno moja. Nililia mbele ya wakwe, sifichi.

Mke nimepewa. Lafudhi bado ipo, lakini Jumapili iliyopita kanisani Sospeter aliomba mwenyewe kutoa matangazo.

Nilichojifunza: mtu akirudi na sauti nyingine, mwache amalize sentensi yake.

Mwenye ndugu aliyepitia hili aandike hapa chini alisaidikaje. Majibu yenu Sospeter atayasoma mwenyewe, kwa sauti.