"Ikiwa" Kumi na Moja

Naliaka alikuwa binti wa fundi wa reli, na mwaka 1974 ndiye mwanamke pekee aliyeandika programu za kompyuta katika kampuni moja mjini Nakuru iliyonunua mahindi ya mbegu kwa wakulima. Asubuhi moja Chepkemei, mkulima wa Rongai, alimtupia mezani barua iliyochapwa na kompyuta hiyo: mahindi yake yamekataliwa, yana maji.

"Hii ni ya tatu," akasema. "Nimeyaanika mpaka yanalia kama kokoto. Hiyo mashine yenu inanichukia?"

Naliaka akatafuta kadi ya vipimo vya sampuli yake. Mahindi yalikuwa makavu. Akakunjua karatasi za programu, akasoma kwa kidole: ikiwa shamba limekaguliwa, na ndani yake ikiwa mahindi ni makavu, na ndani yake tena ikiwa hayana wadudu. "Ikiwa" kumi na moja, kila moja tumboni mwa nyingine. Huko chini akakuta "la sivyo" ya maji, amri ya kukataa mahindi yasiyokauka, imeng'ang'ania "ikiwa" ya magunia. Mwenye magunia chini ya kumi, kama Chepkemei, badala ya kuelekezwa ghala dogo, aliambiwa mahindi yake yana maji!

Akamwendea Jasbir, mkuu wake, aliyeiandika programu hiyo.

"Hamisha huo mstari tu," Jasbir akasema. "Kwingine usiguse. Imefanya kazi miaka mitatu."

"Imefanya kazi gani? Hebu nionyeshe hii 'la sivyo' ni ya nani!"

Jasbir akafuata kwa kalamu, akapotea kwenye "ikiwa" ya sita. Akairudisha kalamu mfukoni.

Naliaka akaiandika upya. Kila sababu ya kukataa akaiweka juu, peke yake: shamba halijakaguliwa, barua yako hii, toka; mahindi yana maji, toka; yana wadudu, toka. Aliyevuka yote amekubaliwa, limebaki swali la ghala tu. Kisha akapitisha kadi zote za msimu huo kwenye programu mpya. Wakulima arobaini na watatu walikuwa wamekataliwa bure.

"Msimu ujao tutarekebisha," Jasbir akasema.

"Msimu ujao?" Naliaka akambwagia karatasi arobaini na tatu. "Waandikie wote kwa mkono wako, Bwana Jasbir. Sema kosa ni letu. Siondoki hapa."

Akaandika.

Chepkemei alileta mahindi yake wiki hiyo hiyo. Lakini wakulima kumi na tisa walijibu kwamba yao yalishasagwa, mengine yameliwa na ng'ombe. Naliaka alizisoma barua hizo akiwa amesimama, na hadi Pasaka hakumsalimu Jasbir.