Inua Mikono, Mama

Juzi, hapa Columbus, ughaibuni, mfanyakazi mmoja wa mgahawa alikuja kufuta meza yangu kwa javel, ile dawa kali ya kusafishia. Kabla hajaniomba, nilikuwa nimeshainua mikono.

Harufu ile ni ya mama yangu. Tulipokuwa tunaishi Okolona, huku huku ughaibuni, alisafisha mgahawa wa bustani ya michezo yenye mabembea makubwa. Javel ilimbabua vidole, lakini kila meza aliifuta mara mbili, ya pili kwa kitambaa kikavu, ili mtoto wa mtu asilowe mikono.

Siku moja ya joto shule yetu ilitupeleka kule. Niliketi na wasichana wenzangu, meza inanata soda. Mama akaja na ndoo yake. Hakunisalimia, maana nilikuwa nimemwomba asinisalimie. Ila alipofika upande wangu, neno likamponyoka.

“Inua mikono, mama.”

Kwetu Kivu mzazi humwita binti yake mama. Wenzangu hawakujua hilo; walishika neno mama tu, wakacheka. Mmoja akaniuliza, “Unamjua?”

Nikajibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti, “Hapana. Hawa watu wanaita kila mtu hivyo.”

Kiingereza cha mama kilikuwa kidogo, lakini hicho alikielewa. Alimaliza meza, akairudia kwa kitambaa kikavu, taratibu, mpaka ikang’aa.

Jioni alipakua ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama kawaida, akaniita nije kula. Aliniita kwa jina langu. Hakuniita mama tena.