Mtu Asiye na Ocha

Asubuhi tuliyopata habari kwamba Madam amefariki, sisi walimu wake tulifanya tunachokijua: tuliunda kamati. Mwenyekiti, katibu, wa kwaya, wa hema. Tukapanga mwili upitie shuleni Ijumaa ya wiki iliyofuata, watoto wauage, kisha familia iendelee na mambo yake. Mimi niliomba nafasi ya kusema maneno machache mbele ya jeneza. Kwetu ziwani mtu humwambia marehemu yaliyo moyoni, naye huondoka ameyasikia.

Yangu yalikuwa mazito. Madam alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha shule yetu ya mabati pale Kisumu Ndogo, mtaa wa mabanda humo humo jijini, na kunifundisha kazi. Alikuwa mkali. Ukichelewa dakika tano unamkuta langoni, anaangalia saa yake, hasemi neno, na afadhali angekutukana. Baadaye akagombea kiti cha MCA, yaani diwani wa kaunti, kwa sababu, alisema, amechoka kuandika barua za kuomba choo cha shule kwa watu wasiosoma barua. Akashinda, na choo kikajengwa. Halafu ukaja uchaguzi wa pili.

Kwenye mkutano wa mwisho nilisimama nyuma yake jukwaani, nimemshikia mwavuli kwa sababu ya jua. Kijana mmoja akapaza sauti: "Madam, mtu hana ocha atatuongoza aje? Ukikufa tutakupeleka wapi?" Ocha ni kule mashambani, kwa mababu, na kila mtu pale alikuwa na kwao. Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha, kicheko kilinitoka tumboni, mpaka mwavuli ukatikisika. Yeye hakugeuka. Alingoja wanyamaze, akaendelea na habari ya mabomba ya maji. Alishindwa vibaya, akarudi darasani. Miaka minne tulikunywa chai meza moja, na sikupata mdomo wa kumwomba msamaha. Nilikuwa mwoga, basi.

Siku ya pili ya msiba kamati ikanituma nyumbani kwake Kawangware nikaipe familia mpango wetu. Nilikuta viatu vingi mlangoni na watu wamevaa nyeupe. Mwanawe, mtu mzima sasa, akanikaribisha kiti na kunipa maji. Nikamweleza yote: hema, kwaya, Ijumaa.

Akaniangalia kwa huruma. "Auntie, tulimaliza jana jioni. Sisi huwa hatukawii."

Nilijua Wahindi huchoma maiti. Nilidhani hata kuchoma kunangoja kamati. Jeneza nililolitungia maneno halikuwepo, wala kaburi la kwenda kusimama kando yake. Nililia palepale mbele ya wageni, bila haya.

Nikaona basi nimwambie mwanawe, yeye ndiye damu yake iliyobaki. Nikaanza: "Siku ile ya mkutano wa mwisho..."

"Najua, Auntie," akanikatiza. "Mum alikuwa anatuambia hiyo story kila mara. Alisema field yote ilimcheka, mtu mmoja tu ndiye hakucheka, yule alikuwa nyuma yake na mwavuli. Alisema ndio maana alirudi shule."

Gilasi ya maji ilikuwa bado mkononi. Nikayanywa yote, nikamwambia asante.