Ruhusa ya Kumfukuza Pepo

Mwezi uliopita nilirudi Dabani, kwetu upande wa Uganda, kumwona mama mdogo. Nilimkuta uani akiparua magamba ya samaki wa ziwani Majanji, na harufu ile ikanirudisha kwenye likizo ya mwaka niliokuwa darasa la tano, nyumba yetu nzima ilipobishana kuhusu pepo.

Nilikuwa nikikaa na bibi, Mkatoliki wa rozari shingoni na maji ya baraka kwenye chupa ya soda. Binti yake mkubwa, mama mkubwa wangu, alikuwa mlokole, akiuza mitumba ng'ambo, Busia ya Kenya. Wakikutana hawakukosa la kubishania, lakini chai walikunywa pamoja.

Mama mdogo alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, kichanga bado, akarudi kukaa nasi kwa bibi. Hakulia. Watu wakamsifu kwamba ana moyo. Kisha mchana mmoja, tukimenya mihogo, akaanguka, macho juu, akaongea kwa sauti nzito ya Kidhopadhola. Bibi alisema hiyo si lugha yetu, basi si yeye. Mimi nikajiuliza moyoni: mbona wateja wake wengi wa samaki sokoni walikuwa Wajopadhola wa Tororo, wenye lugha hiyo? Ikawa anaanguka mara kwa mara. Mumewe akatuma neno: hatampokea mpaka awe safi.

Mama mkubwa akamleta pasta wake. Bibi, bila kumwambia mtu, akamwita padri. Basi Jumamosi asubuhi, pasta akiwa katikati ya "Toka! Nakuamuru, toka!", pikipiki ya padri ikaingia uani. Mimi niliganda kwa hamu. Nilidhani watapigana.

Padri alisalimia, kisha akauliza, "Ameshaonwa na daktari?"

Bibi akatikisa kichwa. Padri akasema, "Mimi naweza kumwombea na kumbariki. Lakini ile sala ya kumfukuza pepo sina ruhusa nayo. Padri wa kuifanya huteuliwa na askofu, tena baada ya uchunguzi."

"Sasa padri, pepo atangoja ruhusa ya askofu?" pasta akauliza, jasho likimtiririka. "Yesu alitupa amri sisi wote tunaomwamini."

"Na ukimkemea mtu mwenye huzuni, ukidhani ni pepo?"

"Na ukimwacha ateseke, ukingoja?"

Nikaona nafasi yangu.

"Na pepo mwenyewe anajuaje nani ana ruhusa?"

Bibi alinifinya mpaka machozi yakanitoka. Pasta alicheka. Padri akasema kwamba hilo swali nikue nalo.

Ndipo mama mdogo akaongea kutoka mkekani, kwa sauti yake mwenyewe. "Mnaongea juu yangu kama mimi siko. Mtoto yangu alikufa bila kubatizwa. Nyinyi mnajua vitabu. Iko wapi?"

Pasta alimwangalia padri, padri akamwangalia pasta.

"Tunamwachia Mungu mwenye huruma," padri akasema polepole. "Mimi nina tumaini kwamba yuko kwake."

"Yuko kwa Yesu, dada yangu," pasta akasema, na safari hii hakupaza sauti.

Mama mdogo akalia. Alilia kilio ambacho tangu mazishi hatukuwa tumekisikia. Padri akaketi kwenye kigoda, pasta akaketi chini, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Juma lililofuata mama mkubwa alimpeleka hospitali Tororo. Mama mdogo alianguka tena, baadaye kwa nadra, kisha basi. Mama mkubwa alishikilia kwamba pepo alitoka kwa amri ya pasta. Bibi, kwamba ilikuwa baraka ya padri. Mume alipokuja kumchukua, mama mdogo alimwambia angoje, na akangojeshwa hasa.

Mwezi uliopita, pale kwenye samaki, nilimuuliza mwenyewe: nani alikuponya?

"Mimi sijui," alisema, akifuta mikono. "Lakini ile siku walinyamaza. Hapo ndipo nilipumua."

Bibi hayupo tena. Padri alihamishiwa mbali, na pasta sasa anahubiri kwa vipaza sauti vinavyosikika mpaka barabarani. Wagonjwa hupelekwa kwenye mikesha mikubwa, kila kanisa na mkesha wake. Sijawahi tena kuona watu wawili wa Mungu wakikaa uani kwa mtu, kimya, mbele ya mwanamke anayelia, bila yeyote kutaka ijulikane kwamba ndiye aliyetumwa na Mungu.